Mama mwenye ugonjwa wa kusahau anapiga kelele akiogeshwa: nitajuaje kama ni maumivu, na apewe dawa gani?

Mwanamikindani (Mtwara)

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mnaosoma hapa.

Ninaishi Mikindani na ninamtunza mama yangu mzazi, mwenye umri wa zaidi ya miaka 75, ambaye madaktari walishathibitisha kwamba ana ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Majina ya watoto yanampotea na humuulizia marehemu baba kana kwamba ametoka kidogo tu, lakini hadi miezi ya karibuni alikuwa mtulivu, anakula vizuri, na jioni tukimtoa barazani anaitikia salamu za wapita njia.

Sasa hali imebadilika. Asubuhi ninapomwogesha anapiga kelele, anakaza mwili na kunisukuma, hasa pale ninapomvua blauzi. Usiku anaamka mara kwa mara, anaguna, anavutavuta khanga aliyojifunika. Nikimuuliza, "Mama, unaumwa wapi?" hunijibu kwamba haumwi, au hunyamaza, au huanza habari nyingine kabisa. Mama amefanya kazi za shamba la korosho tangu ujana wake, na kabla hajaanza kusahau alikuwa akilalamikia magoti na bega kila baada ya msimu. Leo halalamikii chochote, na siamini kwamba magoti yale yamepona.

Katika familia kila mmoja ana lake. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anashauri apewe dawa za usingizi, shangazi anasema ugonjwa umezidi na hakuna la kufanya, na jirani anataka tumpeleke kwa mganga. Dukani nimeuziwa vidonge vya diklofenaki, lakini kwa kuwa mama anatumia dawa za presha sijampa hata kimoja. Naomba mnieleze nitatambuaje kama anaumia ikiwa mwenyewe hawezi kusema, ni dawa gani inayofaa kwa mtu wa umri wake, na nimpeje wakati vidonge huvitema.

Muuguzi Mstaafu (Masasi)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi kubwa unayoifanya.

Nimehudumu wodini na baadaye katika huduma za wagonjwa majumbani, na nimewaona wazee wengi wa aina ya mama yako wakiitwa wakaidi, wakali au waliorukwa na akili, ilhali walikuwa wakiteseka kwa jino bovu au kwa choo kilichofunga. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau huumia kama sisi tunavyoumia. Kinachopungua ni uwezo wake wa kuyakumbuka maumivu hayo, kuyataja na kuonyesha yalipo. Unapomuuliza akiwa ameketi salama kwenye mkeka, huenda kwa wakati ule kweli haumwi, na yale ya asubuhi bafuni hayamo tena kichwani mwake. Muulize papo hapo, huku mkono wako ukiwa mahali penyewe: "Hapa panauma?" Swali fupi la ndiyo au hapana ni rahisi kwake kuliko swali la kueleza. Tena muulize kwa lugha aliyolelewa nayo. Wazee wetu wengi ugonjwa huu huwarudisha kwenye Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera cha utotoni, na maneno ya maumivu huwatoka kwa lugha hiyo hata kama wamezungumza Kiswahili miaka yote; mjukuu aliyekulia mjini husikia sauti tu asielewe kwamba ameambiwa jambo.

Kwa mtu asiyeweza kusema kabisa kuna kipimo kiitwacho PAINAD, kilichochapishwa mwaka 2003 na Victoria Warden, Ann Hurley na Ladislav Volicer wa Marekani, nacho hakihitaji chombo chochote isipokuwa macho na masikio. Hutazamwa mambo matano: pumzi, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anatulizika anaposemeshwa au kushikwa. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 10. Pumzi ya kawaida ni 0, lakini pumzi nzito yenye kelele na ya haraka kwa muda mrefu ni 2. Kuguna mara mojamoja ni 1, kupiga kelele au kulia ni 2. Uso wenye huzuni au hofu ni 1, uso uliokunjwa kwa uchungu ni 2. Kutotulia ni 1, kukaza mwili, kukunja ngumi au kusukuma ni 2. Anayetulia akisemeshwa hupata 1, na asiyetulia kwa namna yoyote hupata 2. Mpime mara mbili, akiwa amepumzika na akiwa anageuzwa, anavalishwa au anasimamishwa, kwa sababu maumivu mengi ya viungo hujificha mtu akitulia. Ni lazima pia ujue kwamba hofu, njaa na maji ya baridi vinaweza kupandisha alama zilezile, kwa hiyo kipimo kinakuambia utafute sababu, hakikuambii sababu yenyewe.

Kwa maelezo yako, mimi naanza kulishuku bega. Kesho usimvue blauzi kwa kuipandisha kichwani. Mvalishe gauni la kufunguka mbele kwa vifungo au mfunge khanga kifuani, mtie maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukimwambia unachofanya, na uangalie ni mkono upi anaoulinda. Ukishaujua, wakati wa kumvalisha anza na mkono huo mbovu, na wakati wa kumvua uuache uwe wa mwisho, ili mkono mzima ndio ubebe kazi ya kujikunja na kujinyoosha. Usimwinue kwa kumvuta makwapani.

Kisha mkague mwili mzima siku atakayokuwa mtulivu. Mtazame kinywani, kwenye fizi na meno yaliyobaki, masikioni, matakoni, kisigino na nyonga, mahali vidonda vya kulalia huanzia, kucha za miguu, ngozi ya mbavuni, kwa sababu mkanda wa jeshi huuma sana na hata upele ukishakauka maumivu yanaweza kubaki. Mguse tumbo na ukumbuke ni lini alipata choo mara ya mwisho. Ikiwa alianguka karibuni, hata kama aliinuka mwenyewe, na sasa hataki kukanyaga mguu mmoja, hilo si la kusubiri, maana nyonga ya mzee huvunjika kwa kuanguka kudogo tu. Na kwa kuwa matende yapo katika mikoa yetu hii miwili ya Mtwara na Lindi, mguu wenye matende ukivimba zaidi, ukawa wa moto na mzee akashikwa na homa, yale ni mashambulizi ya ugonjwa huo yanayohitaji matibabu na ambayo huuma kweli kweli.

Andika yote katika daftari: saa, alikuwa akifanya nini, alionyesha nini, alipewa nini, na baada ya saa moja alikuwaje.

Mfamasia wa Lindi

Dada, umefanya vema sana kutompa diklofenaki kabla ya kuuliza. Dawa za kundi hilo, ikiwamo ibuprofeni, huuzwa kila mahali na vijana huzimeza bila madhara makubwa, lakini kwa mzee zinaweza kutoboa au kutoa damu tumboni bila dalili ya mapema, huziumiza figo, hupandisha presha, na hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha anazotumia. Akiwa anameza dawa ya presha ya kundi la enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kukojosha, kisha akaongezewa diklofenaki, figo zake zinakuwa katika hatari kubwa zaidi, hasa siku za joto ambapo hanywi maji ya kutosha. Chunguza pia maandishi ya pakiti, kwa sababu vipo vidonge vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, na watu huvichukulia kuwa ni dawa nyepesi tu ya maumivu.

Dawa ya kuanzia ni parasetamoli, ambayo wengi huiita panadoli. Watu huidharau kwa sababu ni rahisi na imezoeleka, na wakiitumia huitumia vibaya: kidonge kimoja leo mtu akilia, kingine baada ya siku mbili. Kwa maumivu ya kila siku dawa hutolewa kwa saa, maumivu yawepo au yasionekane, kwa kuwa mgonjwa huyu hawezi kukuita na kusema kwamba yamerudi. Kwa mtu mzima kiwango cha juu kabisa ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, lakini kwa mzee mwembamba, mwenye uzito chini ya kilo 50, asiyekula vizuri au mwenye tatizo la ini, kiwango hushushwa, na wataalamu wengi humwekea mwisho wa gramu 2 hadi 3. Kwa mfano, kidonge kimoja cha miligramu 500 kila baada ya saa 6 ni gramu 2 kwa siku. Mpime uzito zahanati na umwombe mtaalamu akuandikie kiwango chake. Wakati huohuo asipewe dawa za mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani yake, wala vidonge vya parasetamoli vilivyotiwa kafeini, ambavyo vitamkosesha usingizi.

Kuhusu kuvitema, parasetamoli ya kawaida inaweza kusagwa na kuchanganywa na kijiko kimoja au viwili vya uji au papai lililopondwa, si bakuli zima, maana akiacha nusu ya bakuli hutajua amepata kiasi gani. Ipo pia ya maji. Ile inayouzwa kwa ajili ya watoto huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo ili kufikia karibu miligramu 500 anahitaji takribani mililita 20. Wengi humpa mzee kijiko kimoja cha mtoto kisha wakasema dawa haifanyi kazi. Dawa zake nyingine usizisage kabla ya kuuliza, kwa sababu zipo zilizotengenezwa kuyeyuka polepole, na ukizivunja zinaingia mwilini zote kwa mkupuo. Mketishe wima kabla ya kumpa na umwache hivyo kwa muda baada ya kumeza.

Sasa nimjibu kaka yako kwa heshima. Dawa za usingizi na za kutuliza akili haziondoi maumivu. Humwacha mzee akiumia bila nguvu za kulionyesha hilo. Diazepamu humwongezea kuchanganyikiwa na kuanguka. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2008 ikalipanua onyo hilo hadi kwenye dawa za zamani, haloperidoli ikiwa miongoni mwao. Daktari anaweza kuwa na sababu ya kuziandika kwa uangalifu na kwa muda mfupi, lakini si dawa za kununua dukani kwa ushauri wa simu. Hata piritoni, ambazo watu huwapa wazee ili walale, huzidisha usahaulifu, hukausha kinywa na huweza kuzuia mkojo.

Baba Salumu (Nachingwea)

Ninamtunza baba yangu mwenye ugonjwa huohuo, na ninataka kuongeza jambo moja kwa wanaotunza wazee wa kiume. Baba alianza kuhangaika ghafla, anainuka, anaketi, anapiga ukuta, na watu wakadhani ni wazimu. Tabibu wa kituo cha afya alimgusa chini ya kitovu akakuta kibofu kimejaa na kukaza, kwa sababu tezi dume ilikuwa imeziba njia ya mkojo. Alipowekewa mpira, alitulia na kulala. Kwa hiyo mzee wa kiume akibadilika kwa siku moja, tazameni kwanza kama anakojoa.

Jambo la pili ni kwamba baba hupokea dawa vizuri akipewa na mtu mmoja, saa ileile, baada ya chai, na aambiwe wazi kwamba ni dawa. Tulipomzunguka watu watatu aliogopa na kufumba mdomo.

Mwanamikindani (Mtwara)

Ninawashukuru sana, mama muuguzi, mfamasia na Baba Salumu. Nilifuata maelekezo ya muuguzi, na ni kweli: ni mkono wa kulia. Akiwa ameketi alama zake zilikuwa ndogo, lakini nilipouinua mkono ule zilipanda hadi 7, na nilipomuuliza kwa Kimakonde aliitikia kwa kichwa. Nilimpeleka hospitali nikiwa na daftari na pakiti za dawa zake zote. Daktari alimpima bega, akakuta limekakamaa, magoti yana yabisi ya uzee, na tumbo limejaa choo kigumu. Ameandikiwa parasetamoli ya miligramu 500 kila baada ya saa 6, dawa ya kulainisha choo, na tumeonyeshwa mazoezi mepesi ya bega. Usiku analala zaidi, ingawa bafuni bado anaguna.

Kaka yangu hajaridhika. Anasema maumivu ya namna hii hayawezi kutibiwa kwa panadoli, kwamba tumeridhika na dawa ya kichwa, na anataka tutafute kitu chenye nguvu zaidi. Je, tusubiri kwa muda gani kabla ya kuomba kubadilishiwa? Na atumie dawa hizi hadi lini?

Daktari wa Newala

Ndugu yangu, kaka yako ana haki ya kuuliza, na jibu lake lipo katika utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Norwe na kuchapishwa mwaka 2011 na Bettina Husebo na wenzake. Walichukua wazee 352 wa nyumba za kulelea wazee, wote wakiwa na ugonjwa wa kusahau wa kiwango cha kati au kikubwa na wote wakiwa wanahangaika, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida, na jingine lilitibiwa maumivu kwa hatua kwa muda wa wiki 8, kuanzia parasetamoli isiyozidi gramu 3 kwa siku. Kuhangaika kulipungua waziwazi katika kundi lililotibiwa, na wengi wao hawakuhitaji kuvuka hatua ya parasetamoli. Dawa ziliposimamishwa, kuhangaika kulianza kurudi. Mimi huwaeleza ndugu wa wagonjwa matokeo haya kila mara, kwa sababu yanaonyesha kwamba dawa hii, ikitolewa kwa kiwango sahihi na kwa saa, inaweza kumtuliza mzee.

Kwa hiyo mpe kama ilivyoandikwa kwa wiki moja hadi mbili, ukiendelea kupima alama wakati wa kuoga. Dozi moja ya siku mpange aipate takribani saa moja kabla ya kuogeshwa, ili dawa iwe imekwisha kuanza kazi wakati bega linapoguswa; badiliko hili dogo peke yake mara nyingi huleta nafuu mnayoitafuta. Kwa magoti mnaweza kumwomba daktari jeli ya diklofenaki ya kupaka, ambayo kiasi kidogo tu huingia kwenye damu, ingawa bado aambiwe kuhusu presha na figo. Kwa bega jeli husaidia kidogo, kwa kuwa kiungo chenyewe kiko ndani zaidi. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa begani kabla ya mazoezi, husaidia pia, lakini kipime kwanza kwenye mkono wako, kwa sababu yeye hataweza kukuambia kwamba kinaunguza.

Baada ya wiki hizo, alama zikiwa bado juu, rudini kwa daktari mkiwa na daftari. Zipo hatua zinazofuata, nazo zinahitaji usimamizi. Tramadoli inaweza kumchanganya zaidi, kumtia kichefuchefu, na kwa baadhi ya watu kuleta degedege. Amitriptilini, inayotumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, huathiri kumbukumbu za mgonjwa wa aina hii, kwa hiyo mimi huiepuka. Mofini ya maji ni dawa nzuri kwa maumivu makali, kama ya saratani au ya mfupa uliovunjika, na haipaswi kuogopwa pale inapohitajika. Huanzwa kwa kiasi kidogo sana, na pamoja nayo hutolewa dawa ya choo tangu siku ya kwanza. Kwa bega lililokakamaa sioni sababu ya kuifikia sasa.

Kuhusu lini aache, msiache ghafla kwa sababu tu ametulia. Mkiona amekaa vizuri kwa wiki kadhaa, daktari anaweza kupunguza kidogo kidogo huku mkipima, na alama zikipanda mnarudi mlipokuwa. Niongeze pia, kwa kuwa tuko katika uwanda wa Makonde na maeneo ya jirani, kwamba mzee akishikwa na homa ya ghafla ikifuatiwa na kuvimba kwa viungo vingi, msifikirie yabisi na malaria peke yake. Chikungunya ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda huuhuu, na maumivu yake ya viungo yanaweza kudumu kwa miezi.

Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo iwapo ataanguka na kushindwa kusimama, tumbo likikaza au akitapika, mkojo ukikata, choo kikiwa cheusi kama lami, homa ikipanda, au akichanganyikiwa zaidi ndani ya saa chache kuliko alivyokuwa jana yake. Mikoani kwetu mnaweza kwenda Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mkomaindo, Ndanda, Nyangao au Sokoine, kutegemea mlipo. Ulizeni dirisha la wazee, kwani Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na mchukulieni kitambulisho chake cha matibabu kama anacho. Katika daftari, ukurasa wa kwanza, andikeni kwa herufi kubwa mkono unaouma, dawa zote na saa zake, na lugha anayoielewa vizuri, ili atakayempokea asianze kumvua nguo kwa mkono wa kulia.